Uliza Fundi: otomatiki kuukuu, oili nyeusi na maji ya kisima

Barua za safari hii zimetoka Malindi na viunga vyake, na zote zinazunguka jambo moja: gari la otomatiki lililokwisha kula miaka. Tumezijibu tano.

Mafundi, salaam aleikum. Nataka kununua Toyota Probox ya 2004 kwa mtu wa hapa hapa mjini. Injini inalia vizuri na kutu ni kidogo tu chini ya milango. Hofu yangu ni giaboksi. Nitaijuaje kabla ya kutoa pesa?
*Mnunuzi, Muyeye*

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Nenda asubuhi mapema, na kabla salamu hazijesha weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta moto, muuzaji amekwisha kulipasha gari, na huenda ana sababu. Giaboksi iliyochoka hujitaja ikiwa baridi. Sili zake za mpira zimekauka na oili imeteremka usiku kucha, kwa hiyo ukitia D (kwenda mbele) gari hunyamaza kana kwamba halikusikia, kisha hushika kwa kishindo.

Washa, kanyaga breki, toa N (huru) utie D, usikilize. Rudi N, kisha R (rivasi). Kuchelewa kidogo asubuhi si dhambi. Kipimo chenyewe kinafanywa baada ya kuendesha dakika 20, oili ikiwa moto: kutoka N hadi D gari lishike kabla ya sekunde 1.2, na kutoka N hadi R kabla ya sekunde 1.5. Hizo ni namba za Toyota kwa giaboksi za kizazi hicho. Pima mara tatu kwa saa ya simu, upumzishe dakika moja kila baada ya kipimo, uchukue wastani. Ikichelewa pande zote mbili, shuku oili pungufu au presha ndogo ya pampu. Ikichelewa rivasi peke yake, shuku klachi ya rivasi na sili zake, na hapo giaboksi ni ya kufunguliwa.

Sasa dipstiki, ule ufito wa kupimia oili. Gari liwe mahali tambarare, injini ikiwaka, oili moto. Pitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi P, polepole. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Soma alama za HOT. Zile za COOL ni za kukisia tu. Hapa wengi hukosea kwa kupima injini ikiwa imezimwa, kama wanavyopima oili ya injini. Kwa Toyota utadanganyika, maana oili hurudi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) na kuonekana imejaa. (Honda ndiyo tofauti: unazima kwanza, halafu unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90.)

Dondosha tone moja juu ya tishu nyeupe, usubiri dakika chache. Oili nzima husambaa ikiacha doa la waridi au hudhurungi jepesi. Iliyoungua hukaa palepale katikati, nyeusi, na ukiinusa inanuka kama mkate uliosahauliwa motoni. Rangi peke yake isikutishe. Oili ya hudhurungi isiyonuka imezeeka tu. Inayonuka imeungua, na kilichoungua ni bitana za klachi (tabaka linaloshikisha gia), hakuna oili mpya itakayozirudisha.

Kisha barabarani. Shika njia ya Mombasa, ukipita Gede utapata kipande kirefu kilichonyooka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke (nyani wako hapo, punguza wakijitokeza). Hesabu gia zikipanda: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tazama sindano ya mizunguko. Kila gia ikiingia sindano ishuke. Ikipanda kwanza halafu ndiyo ishuke, gia inateleza. Ukifika kilomita 80 kwa saa, shikilia mafuta pasipo kuongeza wala kupunguza, na kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo tu, taa za nyuma ziwake bila gari kupungua mwendo. Sindano iruke kidogo, ukiachia irudi chini. Hiyo ndiyo klachi ya toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) ikiachia na kushika. Isiporuka kabisa, haikuwa imeshika, na gari hilo litakunywia petroli na kupasha oili yake bure.

Mwisho bonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu, kinachoruhusu au kuzuia gia ya nne). Taa ya O/D OFF iwake, ukibonyeza tena izimike. Ikipepesa yenyewe, kompyuta imeandika kosa: mwite mwenye mashine ya kusoma, usilipe kwanza. Isipowaka kabisa, uliza nani aliitoa balbu, na kwa nini.

Nina gari la 2003, oili ya giaboksi haijaguswa tangu nilinunue. Fundi wa mtaa wetu anasema nisiithubutu, nikibadilisha tu giaboksi itakufa. Mwingine anasema nipeleke ikasukumwe na mashine. Nimfuate nani?
*Msomaji, Barani*

Usimfuate yeyote kati yao, ingawa wa kwanza ana kitu alichokiona. Watu hungoja mpaka gia zianze kuteleza ndipo wanakumbuka oili. Klachi imekwisha, oili inabadilishwa Jumatatu, Ijumaa gari halitembei, na lawama inaiangukia oili mpya. Maiti ilikuwa maiti tangu Jumapili. Kwa hiyo kanuni ni hii: kama gia zinashika vizuri, badilisha hata kama oili imezeeka. Kama zinateleza na oili inanuka, weka pesa za oili kwenye akiba ya kufungua giaboksi.

Mashine ya kusukuma tunaikataa kwa giaboksi iliyosahauliwa. Inang'oa uchafu wote kwa mara moja na kuupeleka kwenye vali bodi (sehemu inayoelekeza oili kwenye gia), ambako njia ni nyembamba na vali hutembea kwa nafasi isiyotosha unywele. Njia ya subira ni kumwaga na kujaza mara tatu. Hesabu yake, tuseme giaboksi inabeba lita 6.5 na kwenye sampo zinatoka 3, nyingine zimebaki ndani ya konvata. Ukimwaga mara moja oili kuukuu inabaki asilimia 54. Mara ya pili 29. Mara ya tatu 16. Acha kilomita 500 hadi 1,000 kati ya zamu na zamu. Kwa mfano huo andaa lita 9 kwa jumla na ziada kidogo.

Aina ya oili isome kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Toyota nyingi za miaka hiyo ni T-IV, zilizofuata ni WS, na hizo mbili hazichanganywi. Nyekundu si jina la oili. Karibu zote ni nyekundu.

Endesha dakika 10 oili ilainike, lakini isiwe ya kukuchoma. Inua gari libaki sawasawa, ulitie stendi; jeki peke yake haimtoshi mtu anayelala chini. Hakikisha dipstiki inatoka kabla ya kufungua chini, na uhakikishe unachofungua ni bolti ya giaboksi, si ya injini. Kosa hilo hutokea kila siku: injini inamwagwa, giaboksi inaongezwa, mtu anaondoka na giaboksi iliyofurika na injini kavu. Kingia kwenye dumu lenye alama za lita. Kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha, ikiwa kipimo cha mwanzo kilikuwa sawa.

Kwa zamu ya kwanza shusha na sampo. Bolti zake ni ndogo, kwa Toyota nyingi kichwa cha milimita 10. Legeza zote, ubakize mbili za pembeni, kisha gonga ukingo kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Bisibisi usiitie kati, utakwaruza alumini na hutaziba tena. Ndani utaona sumaku. Ujiuji wa kijivu, laini kama wanja, ni kawaida ya umri. Ukishika kati ya vidole ukahisi chembe, tazama juani: vipande vya chuma vinatoka kwenye gia au beringi, vya manjano vinatoka kwenye bushi, navyo havishikwi na sumaku. Vikiwa hivyo, funga, usitumie pesa zaidi kwenye oili.

Chujio limefungwa kwa bolti chache na huenda urefu wake si mmoja. Zipange juu ya karatasi kama zilivyokaa. Badilisha chujio na oringi yake. Safisha sampo kwa petroli, ikauke, sumaku zirudi kwenye vishimo vyake. Usifutie pamba wala kitambaa chenye nyuzi, uzi mmoja unatosha kukwamisha vali. Gasketi ya mpira au ya koki inakaa kavu. Silikoni hapana: inayobanwa kuelekea ndani hukatika, ikaenda kuziba chujio ulilonunua jana. Kaza kwa mzunguko wa msalaba, duru mbili au tatu, kwa rachet fupi na nguvu ya kifundo cha mkono. Nguvu ya nati ya gurudumu itakata bolti ndani ya alumini. Bolti ya kumwagia ipate washa (pete ya kuzibia) mpya.

Jaza kupitia tundu la dipstiki kwa mrija mwembamba. Washa, pitisha gia zote ukikaa sekunde tatu kila moja, pima, ongeza kwa vikombe vidogo vya mililita 100 au 200. Usizidishe. Oili ikipita kiasi gia zinazozunguka huipiga ikafanya povu, na povu halishiki presha. Gia zitateleza kana kwamba oili ni pungufu. Endesha kilomita 20, pima tena. Oili chafu mpelekee anayekusanya, usiimwage mchangani. Chini ya mchanga wa Malindi ndiko kwenye visima vyenu.

Baada ya hapo, kwa gari la kazi kwenye joto letu, kila kilomita 40,000.

Noah yangu ya 2002 imeanza kutetemeka ikipanda gia. Kwenye dipstiki kuna kitu cha waridi kama maziwa ya duka. Rejeta huwa naongeza maji ya kisima.
*Mwenye Noah, Mambrui*

Zima gari sasa, bwana, na usiliwashe hata kulisogeza kivulini.

Maji yameingia kwenye giaboksi, na kisima ndicho kilichoyafungulia mlango. Kwenye tangi la rejeta mna kipoza cha oili ya giaboksi, bomba mbili nyembamba zinaingia na kutoka. Oili inapita ndani yake, maji yanakizunguka. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hula chuma miaka nenda miaka rudi mpaka kinatoboka. Injini ikiwaka, mara nyingi presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, basi oili inavuja kwenda kwenye rejeta. Fungua chupa ya akiba ikiwa baridi, utaona utelezi. Ukizima, oili haina presha tena lakini maji ya moto bado yanayo, yanasukuma kurudi. Ndiyo maana gari hili huharibika likiwa limeegeshwa.

Bitana za klachi ni kama karatasi ngumu iliyobandikwa kwa gundi, na maji huibandua. Kama umegundua mapema: rejeta mpya kwanza, safisha bomba za kipoza, kisha mwaga na ujaze mara tatu siku hiyo hiyo, injini iwake dakika chache tu kati yake, mpaka oili itoke nyekundu isiyo na ukungu. Ukitaka kuhakikisha, tone kwenye kijiko kilichopashwa moto: likichatachata bado lina maji. Kama umeliendesha hivyo wiki kadhaa, huo mtetemo ni klachi zinazobanduka, nalo halina dawa isipokuwa kufungua.

Rejetani tia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini). Ukipungukiwa njiani, maji ya mfereji ni nafuu kuliko ya kisima, lakini yawe ya kukufikisha nyumbani tu.

Gari langu, Toyota, halitaki kuingia gia ya nne hata nikienda mbio. Tangu fundi alipotengeneza tatizo la kupata moto ndipo limeanza.
*Dada wa Shela, Malindi*

Muulize kama alitoa themostati, dada, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto. Ni mazoea ya pwani: gari likipata moto, themostati inatupwa. Kompyuta ya Toyota hairuhusu gia ya nne wala klachi ya konvata mpaka maji ya injini yafike kiwango chake cha joto, na rejeta isiyo na themostati huweza kuyapoza mno barabarani. Nunua mpya, irudishwe. Kabla ya hapo angalia kitufe cha O/D; ikiwa taa ya O/D OFF inawaka, umejibiwa bila gharama.

X-Trail yangu ya 2009 ni CVT. Dukani hakukuwa na oili yake, nikauziwa ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida. Ina neno?
*Msomaji, Watamu*

Ina neno kubwa. CVT ni otomatiki isiyo na gia za hatua; hushika kwa mkanda wa chuma unaobana puli, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma. ATF imetengenezwa kwa klachi za bitana. Mkanda ukiteleza mara chache tu puli zinapata mikwaruzo, na mikwaruzo haifutiki. Yako inataka oili ya Nissan iitwayo NS-2. Kama bado iko dumuni, irudishe dukani. Kama imekwisha kuingia, lisiendeshwe. Imwagwe na kujazwa na ile sahihi, zaidi ya mara moja, hapo hapo lilipo.