Soya na jeni: punguza hatua, usipunguze ushahidi

Ukiingia maabara ya soya kwa mara ya kwanza utaambiwa zao hili ni kaidi. Ni kweli. Soya za kwanza zilizopandikizwa jeni zilitangazwa 1988, na hadi leo watu wanahangaika kutafuta njia isiyotegemea mikono ya fundi mmoja. Njia ya zamani ilikutaka uoteshe mbegu siku kadhaa, kisha ukwaruze fundo la kotiledoni (pale jani la mbegu linapoungana na shina) kwa ncha ya kisu. Fundi akihama, mafanikio yanahama naye.

Anza na nusu mbegu, njia iliyochapishwa 2006. Mbegu inalowekwa usiku kucha, inapasuliwa kwa urefu kupitia kwenye kovu lake, ganda linabanduliwa, mhimili wa kiinitete (mche mchanga uliomo ndani) unatolewa, kisha nusu hizo zinatumbukizwa kwenye Agrobacterium, bakteria anayepenyeza jeni kwenye mmea. Hakuna kukwaruza. Mimi nilipoteza miezi nikibadilisha viwango vya homoni, kumbe tatizo lilikuwa mbegu zenyewe: ufa mwembamba kama unywele kwenye ganda ulitosha ukungu kujificha humo. Siku hizi nachambua mbegu mojamoja chini ya taa kabla ya jambo lolote.

Kama unataka tu kujua jeni yako inafanya kazi, achana na mmea mzima. Agrobacterium rhizogenes, jamaa ya bakteria huyo, itakupa mizizi yenye jeni hiyo ndani ya wiki chache. Mizizi hiyo haitakuzalia mbegu, lakini kwa swali hilo huhitaji mbegu.

Sasa, chipukizi la kijani lisikulevye. Mengine hayana jeni, ila huiponea dawa ya kuyachuja kwenye kivuli cha wenzao. Mengine yana jeni kwenye sehemu tu ya tishu. Kama umetumia jeni ya kuhimili glufosineti, dawa ya kuua magugu, paka dawa hiyo kwenye nusu ya jani, subiri siku chache. Likinyauka pale ulipopaka, umedanganywa. Likibaki kijani, bado panda mbegu zake: jeni ikiwa imeingia mahali pamoja, takriban robo tatu ya watoto wataibeba.

Na ukija kusema njia yako mpya ni rahisi zaidi, hesabu kwa uaminifu. Ulianza na vipande 400, ukapata mimea 12, lakini 8 kati yake ilichipua kwenye kipande kimoja. Hiyo minane andika moja, mpaka vipimo vya DNA vithibitishe vinginevyo. Una 5 kwa 400.