Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Tabora na Vyuma vya Vita ya Mjerumani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vitu vya vita ya 1914–1918 vinavyozunguka mikononi mwa watu kandokando ya ziwa. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

SWALI: Shikamooni wahariri. Kuna mtu wa Sengerema ananiuzia sarafu ya dhahabu yenye tembo, imeandikwa 15 RUPIEN na mwaka 1916. Ananiharakisha, anasema mteja mwingine yuko njiani. Nitaihakikije bila kuikwaruza? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Marahaba. Sarafu ya namna hiyo ipo kweli. Ilipigwa Tabora na Wajerumani, waliokuwa wakitawala wakati huo, mwaka 1916 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani na fedha mpya haziingii kutoka Ujerumani. Zilipigwa 16,198 tu. Herufi T iliyo juu yake ni ya Tabora.

Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17, kipenyo cha milimita 22 hivi, na dhahabu yake ni 750 kwa 1,000. Tafuta mizani ya digitali inayosoma 0.01 ya gramu. Wanunuzi wa dhahabu hapa Mwanza wanazo. Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Kisha weka juu ya mizani kikombe chepesi cha plastiki chenye maji, urudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba kabisa, uining'inize ndani ya maji hadi izame yote, bila kugusa chini wala ukingo. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Kwa sarafu hii maji yanapaswa kusoma kati ya 0.45 na 0.48, na jibu la kugawanya liwe 15 au zaidi kidogo. Shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu itakupa 8 na nusu. Ndiyo maana feki ya shaba haina pa kujificha: ikiwa na ukubwa na unene sahihi, itakuwa na gramu 4 tu, ikifikishwa gramu 7, unene wake utakaribia mara mbili ya unaotakiwa.

Wengi hukosea kipimo hiki kwa mambo mawili. Sarafu ikigusa chini ya kikombe, mizani husoma uzito wake wenyewe. Viputo vya hewa vikishika kwenye maandishi, namba ya maji hupanda na dhahabu nzuri huonekana duni. Tone moja la sabuni ya maji huondoa viputo.

Elewa pia kwamba maji yanathibitisha metali, hayathibitishi umri. Sonara anaweza kumimina nakala kwa dhahabu ya kweli. Hapo shika kioo cha kukuzia, uangalie upande wa tai: ncha ya pambo la kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza. Hizo ndizo aina mbili zinazotambulika. Nakala ya kumimina huwa na vitundu vidogo kwenye uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala maandishi, na kingo za herufi zake zimelegea. Muuzaji akikataa sarafu ipimwe mbele yako, mwache aende kwa huyo mteja wake.

SWALI: Nina sarafu nne za 20 HELLER za 1916, zilikuwa kwenye kopo la marehemu bibi. Kila moja ina uzito wake, na moja ni nyekundu. Zipi feki? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Huenda zote ni za kweli. Kwa 20 heller (heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia), usitumie uzito kama hakimu. Zilipigwa kwa haraka, kwa shaba iliyokusanywa popote ilipopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Bamba halikutoka na unene mmoja, hivyo sarafu nene na nyembamba ziliingia sokoni pamoja. Chapa iliyokaa upande, taji lililofifia au mstari wa muhuri (chuma cha kupigia chapa) uliopasuka ni mambo ya kawaida kwake. Sisi humtilia shaka zaidi anayeleta kumi zinazolingana kama vifungo vya shati moja.

Nyekundu ni ya shaba tupu, na ni chache kuliko za manjano kwa mbali, kwa hiyo bei yake hupanda. Lakini chunga: shaba ya manjano iliyokaa ardhini hupoteza zinki juu na kugeuka nyekundu. Tumia tena maji. Sarafu ya gramu 11.5 ikiwa ya shaba nyekundu itasoma 1.29 hivi, ikiwa ya manjano, 1.36.

Baada ya hapo linganisha mihuri. Kuna taji kubwa na taji dogo. Upande wa pili tazama herufi mbili za L katika HELLER: kuna sarafu ambazo ncha zote mbili zimejikunja, nyingine imejikunja L ya pili tu, na nyingine ncha zote zimechongoka. Andika kila sarafu ina ipi kabla ya kutaja bei kwa mtu yeyote, maana mchanganyiko mmoja hupatikana kwa shida kuliko mwingine.

Tarehe nayo inasaidia. Sarafu zote za Tabora zina mwaka 1916. Wabelgiji waliingia mjini humo tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, kwa hiyo ukiona 1917 yenye herufi T, irudishe.

SWALI: Nizisafishe kwa ndimu au majivu kabla ya kuuza? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Hapana. Ndimu hula uso wa shaba, majivu na steeli wuli hukwaruza, na mnunuzi anayejua ataona mara moja. Loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi siku moja au mbili, kausha kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua, kisha weka kila sarafu kwenye bahasha yake ya karatasi. Plastiki laini yenye harufu huleta ukijani, hasa kwa unyevu wa ziwani.

SWALI: Nimeambiwa rupia ya Mjerumani ya 1916 inavuta mchele, na tajiri atailipa mamilioni. Natakiwa kwanza kutoa fedha ya mganga wa kuipima. (Msomaji, Geita)

JIBU: Ndugu yetu, usitoe hata shilingi. Rupia ya fedha ya Wajerumani ilikoma na mwaka 1914, yenye herufi J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Ya 1916 haipo. Ya kweli ina gramu 11.66, na haivutwi na sumaku. Hakuna sarafu inayovuta mchele, na ukionyeshwa inayovuta sindano, hicho ni chuma kilichotiwa usumaku. Wanaoomba fedha ya kutangulia wanaishi kwa fedha hiyohiyo.

SWALI: Nimeonyeshwa kikombe cha chuma cha kufunga kwenye mdomo wa bunduki ili kurusha guruneti. Muuzaji anasema kilichimbwa Bukoba, cha mapigano ya 1915. Ana pia chuma chenye mikato kama nanasi na fimbo ndefu. (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Mapigano yalikuwepo: Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu na kuuvamia mji tarehe 22 na 23 Juni 1915, wakabomoa mnara wa simu ya upepo. Lakini kikombe cha Kijerumani cha namna hiyo si cha mapigano hayo. Wajerumani walianza kukitumia 1942, kwenye bunduki ya Mauser 98k. Cha kweli kina uwazi wa milimita 30, ndani kina mifereji ya kuzungusha guruneti, hufungwa kwa kibano nyuma ya shabaha ya mbele, na kina alama ya kiwanda pamoja na muhuri wa tai wa wakaguzi. Kilikuwa na mfuko wake, spana na shabaha ya pembeni. Kisicho na mifereji ndani si cha aina hiyo. Kwa vyovyote, kikombe cha kweli ni kifaa cha silaha: usikinunue kabla ya kuuliza Polisi, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni kali.

Hicho chenye fimbo ndicho kinachotutia wasiwasi. Katika vita ya 1914 guruneti la bunduki mara nyingi lilirushwa hivyo: fimbo huingizwa ndani ya mtutu, risasi baridi (isiyo na kichwa) hulisukuma. Kutu haiondoi baruti. Inaweza kuulegeza mshikio wa kiwashio, na guruneti likawa jepesi kulipuka kuliko lilipokuwa jipya. Usilishike, usilioshe, usiligonge kujua kama lina uwazi ndani, na usilipakie kwenye bodaboda kulipeleka kituoni. Waondoe watu hapo, weka alama kwa mbali, piga 112, uwaeleze polisi mahali lilipo ili walete wataalamu wa milipuko.