Kiunzi cha polima au cha alumini kwa bunduki ya kwanza

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unaishi Texas, una umri wa miaka 22, na unataka kuunganisha bunduki yako ya kwanza ya aina ya AR-15 kwa ajili ya kulenga shabaha, ila umekwama kati ya kiunzi cha chini (kile kipande cha mwili wa bunduki kinachobeba kifyatulio) cha polima, yaani plastiki ngumu, na cha alumini.

Mimi ningechukua cha alumini. Kichunguze kiunzi chochote kwa nyuma, kwenye ile pete yenye hesi ambamo bomba la springi linalobeba kitako huingia, kwa sababu hapo ndipo viunzi vingi vya polima hupasuka, hasa bunduki ikianguka na kutua kwa kitako. Watengenezaji makini hulijua hilo, ndiyo maana huongeza unene mahali hapo. Alumini ya 7075-T6, aina ya alumini yenye nguvu sana, ikiwa imefuliwa kwa kugandamizwa, huvumilia pigo la namna hiyo, na nyundo ikikuteleza unapoingiza pini, jambo ambalo karibu kila mgeni hulipitia, hubaki mchubuko wa rangi tu.

Wepesi wa polima ni wa kweli, lakini ni takribani gramu 100, ambazo darubini moja huzimeza.

Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kiunzi hicho peke yake huhesabiwa kuwa silaha. Kinunue kikiwa kimekamilika na kina namba yake, kwa muuzaji mwenye leseni, ambaye atakagua rekodi zako kabla ya kukukabidhi. Umri unaotakiwa ni miaka 21, nawe umeshautimiza.