3.8 au 4.2: maabara ipi isemayo kweli?

SWALI: Sisi ni akina mama kumi na wawili hapa Kisauni, tunakamua mafuta ya nazi. Mnunuzi wa hoteli alitaka karatasi ya maabara, basi tukachota mafuta kwenye dumu moja tukapeleka maabara mbili za hapa Mombasa. Ya kwanza imeandika thamani ya asidi 3.8, ya pili 4.2. Kikomo tumeambiwa ni 4.0. Kwa moja tumepita, kwa nyingine tumeanguka, na pesa tumelipa kote kuwili. Nani mwongo? Na kwa nini serikali isinunue mashine nzuri, iweke moja kila kaunti, tukapumzika?

JIBU: Dada, huenda hapana mwongo hata mmoja.

Hiyo thamani ya asidi ni miligramu ngapi za hidroksidi ya potasiamu zinahitajika kutuliza asidi iliyomo katika gramu moja ya mafuta. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu hadi 4.0 kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani kama yenu, na 0.6 tu kwa yale yaliyosafishwa. Kabla ya kugombana na mtu, tazameni karatasi zote mbili zimetumia kipimo kimoja. Kuna maabara zinazoandika asilimia ya asidi huru badala ya thamani ya asidi, na kwa mafuta ya nazi asilimia 1.4 ikihesabiwa kwa asidi ya lauriki ni karibu sawa na 4.0 hiyo hiyo. Nimewahi kumwona mfanyabiashara akishangilia “1.9” yake, kumbe kwa hesabu hiyo amepita kikomo mbali.

Tuseme kipimo ni kimoja. Jambo la pili, na hapa ndipo ningeweka shilingi yangu, ni namna mlivyochota. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Jikoni kwenu Kisauni ni maji, lakini yakilala usiku kucha katika chumba cha maabara chenye eisii, yaani kiyoyozi, asubuhi yameganda, na yakiganda hayawi sawa juu na chini. Fundi asiye na subira huchokora juu na kijiko, akapima alichokipata. Mwenye adabu ya kazi huyeyusha chupa yote taratibu, akaitikisa, ndipo akachukua. Tena kuna dumu lenyewe: maji yaliyobaki kutoka kwenye tui hushuka chini, na kwenye maji ndiko asidi inakozaliwa, maana maji huyavunja mafuta. Kama chupa moja mliijaza kwanza na nyingine mkaijaza mwisho wa dumu, mlipeleka mafuta mawili.

Halafu dawa yenyewe ya kupimia, ile hidroksidi. Myeyusho wa hidroksidi ukiachwa wazi hunywa hewa ukaa na kupungua nguvu, kwa hiyo nguvu yake inapaswa kupimwa upya mara kwa mara kwa kemikali safi yenye cheti. Ukitengenezwa kwa spiriti, huvimba kwa joto: toka nyuzi 20 hadi 30, ujazo hukua kwa takriban asilimia 1. Hapo peke yake 4.00 yenu inasomeka 4.04. Hakuna aliyedanganya, ni jua la Pwani tu.

Ndiyo maana matokeo yasiyotaja kiasi cha shaka ni matokeo nusu. Rudini kwa maabara zote mbili, ulizeni: “Hii namba yenu inaweza kukosea kwa kiasi gani?” Wakijibu kwamba ni 0.3 juu au chini, basi ya kwanza inasema mafuta yenu yako kati ya 3.5 na 4.1, ya pili kati ya 3.9 na 4.5. Zimekutana. Hazijagombana. Aliyegombana ni anayesoma namba moja kana kwamba imeshushwa. Maabara iliyokaguliwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha uwezo wa maabara, toleo la 2017, ikiandika “imepita” au “imeanguka” inatakiwa iwe na kanuni ya uamuzi: ile shaka imehesabiwaje, na hatari ya kukosea anaibeba nani, mnunuzi au muuzaji. Wengi hawaulizi. Ulizeni.

Lakini msikimbilie hotelini na ile 3.8. Zote mbili zinawaambia kitu kimoja, kwamba mmesimama ukingoni. Mkitumia mbata, itupeni yoyote iliyoshika ukungu. Mkipika tui, maji yaishe kabisa kabla ya kuchuja. Dumu likauke kavu kabla ya kujazwa. Kazi hiyo itawashusha chini ya kikomo kwa gharama ndogo kuliko karatasi ya tatu.

Sasa hilo la mashine. Kipimo chenu hakihitaji mashine. Ni bureti (mrija wa kioo wenye alama za ujazo), mzani, dawa na jicho la kuona rangi ya waridi inapoanza kubaki. Kaunti 47 zikipata mashine 47, bado mtapata 3.8 na 4.2.

Kinachokosekana mara nyingi ni mnyororo wa kulinganisha vipimo. Pale sokoni Kongowea, gorogoro, lile kopo la kupimia unga, likibonyezwa kitako, mnunuzi hulalamika, akataka unga upimwe kwenye mzani. Mzani nao unaaminika kwa sababu ya mawe yake, mawe yamelinganishwa na mawe ya mkaguzi wa vipimo, na ya mkaguzi yamelinganishwa na vipimo vya taifa, ambavyo navyo hulinganishwa na vya nchi nyingine. Mkataba wa Mita ulioanza mlolongo huo ulitiwa saini Paris mwaka 1875. Pete moja ikikatika, kila kilicho chini yake ni maneno matupu, hata kikichapishwa kwa tarakimu nne baada ya nukta. Kenya ilianza kujenga pete zake kwa Sheria ya Viwango iliyoanza kutumika 1974 na kuzaa KEBS, shirika la viwango la taifa. Baadaye ikaja KENAS, kazi yake kuzikagua maabara, pamoja na zile za serikali, na kuzipa ithibati, yaani uthibitisho kwamba kazi wanaiweza. Huyo wa pili ndiye watu humsahau, nami namwona ndiye muhimu zaidi: anayeweka kiwango, akapima, kisha akajipa cheti mwenyewe, ni refa anayecheza.

Niliwahi kufanya kazi mahali palipoletewa mashine ya bei ya nyumba, msaada. Tulipiga picha. Gesi yake safi ilikuwa ikingoja zabuni, fundi wake alikuwa nchi nyingine, na umeme ukaunguza kadi yake moja kabla ya mwaka kuisha. Ilikaa imefunikwa plastiki miaka miwili, na sisi tukiendelea na bureti, bureti ambayo, kwa haya yangu, haikuwa imelinganishwa tangu inunuliwe. Bei ya kuilinganisha ilikuwa ndogo mno hata haikuingia kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Mfano mzito zaidi ni mahindi. Mwaka 2004, sumukuvu ya aflatoksini iliwapata watu 317 Ukambani na jirani zake, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na 5 kwa ile aina kali ya B1. Mashine za kupima hivyo zipo. Ila sumu hiyo haitawanyiki sawasawa. Hukaa katika punje chache, na gunia la jirani likawa safi. Ukichota konzi moja mlangoni mwa lori ukaipeleka kwenye mashine bora duniani, utapata jibu sahihi kabisa la konzi ile. Kosa kubwa huwa kwenye uchotaji. Ningekuwa na fedha ya kununua mashine moja, ningeajiri wachotaji sampuli waliofunzwa, na bambo za kuchoma gunia mpaka katikati, nikabakisha chenji.

Tena si lazima kila nchi ipime kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango na upimaji tangu 2006, iliyokusudia karatasi ya maabara yenye ithibati ya nchi moja iheshimiwe mpakani mwa nyingine. Kipimo cha nadra kifanywe Kampala au Nairobi. Vya mafuta ya nazi, samaki na maji vikae hapa Pwani, ambako mali ipo.

Kwenu nyinyi: korogeni dumu likiwa la moto, jazeni chupa tatu za rangi ya giza kwa zamu, kidogo kidogo kila moja mpaka zijae. Zifungeni na mzitie sahihi juu ya kizibo. Mbili zipelekeni kwa maabara zile zile, siku moja, mkiomba njia ya kupimia na kiasi cha shaka viandikwe. Ya tatu ifichwe mahali penye kiza na baridi. Zikitofautiana tena kupita shaka zao, hiyo ndiyo itakwenda kwa maabara ya tatu yenye ithibati ya kipimo hicho hasa, maana cheti cha ithibati huja na orodha ya vipimo, na kupima maji vizuri si kupima mafuta.