Barua kwa Mwanangu: Waseminole, Waarabu na Kipimo cha Utajiri

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Sisi sote ni wazima, na baba yako anakusalimu. Barua yako imenifikia. Umenieleza kwamba katika kikao cha chama chenu cha Waafrika Mashariki hapo Tampa, Florida, mzee mmoja alisimama akasema kuwa Waseminole, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, watu wachache waliosukumwa hadi kwenye vinamasi, leo wanamiliki kasino kubwa hapo mjini kwenu na kila mmoja wao hupokea mgao wa fedha, ilhali Waarabu, waliofika Marekani kwa hiari yao na wengi wao wakiwa na elimu, wamebaki kila mtu na duka lake. Akahitimisha kwamba umoja ndio uliowatajirisha wale na utengano ndio uliowazuia hawa, na kwamba chama chenu kichague mmoja kati ya mifano hiyo miwili. Umeniuliza, kwa kuwa nilifundisha historia, kama ulinganisho huo ni wa haki.

Kwa maoni yangu si wa haki. Mzee huyo amezilinganisha jamii hizi kana kwamba sheria ya Marekani inazitazama kwa jicho moja, na haiko hivyo. Waseminole wa Florida ni taifa lenye serikali yake, ardhi yake na mikataba na dola ya Marekani. Waarabu wa Marekani ni raia na wakazi waliotoka katika nchi nyingi, na kwa zaidi ya miaka mia moja serikali iliwaandika katika vitabu vyake kuwa ni Wazungu. Ukilisahau jambo hilo, utauita umoja kile ambacho kwa kweli ni haki ya kisheria, na utauita utengano kile ambacho ni kukosekana kwa haki hiyo.

Nianze na Waseminole. Walijitenga na watu wa Creek, kabila jingine la wenyeji, katika karne ya 18 wakahamia Florida, wakachanganyika na wenyeji wengine, na wakaishi bega kwa bega na Waafrika waliotoroka utumwa katika mashamba ya Georgia na Carolina. Marekani ilipigana nao vita vitatu, na kile cha pili, cha kuanzia 1835 hadi 1842, kilizuka baada ya Sheria ya Kuwahamisha Wenyeji ya mwaka 1830. Kiongozi wao Osceola alikamatwa mwaka 1837 akiwa amekuja kuzungumza chini ya bendera nyeupe, akafia kifungoni mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Maelfu walipelekwa magharibi, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Mia kadhaa tu walibaki katika vinamasi vya Everglades, kusini mwa Florida, nao hawakusalimu amri.

Wazao wa hao mia kadhaa ndio mzee wenu anaowaona leo, lakini utajiri wao ni wa juzi tu. Kwa miongo mingi waliishi kwa kuuza ngozi za mamba na manyoya ya ndege, na vinamasi vilipokaushwa ili kupata mashamba, riziki hiyo ikakatika. Wakawa vibarua wa kuchuma mboga katika mashamba ya watu, wakawauzia watalii nguo za vipande vya rangi kando ya barabara ya Tamiami, na wengine wakapigana na mamba mbele ya wageni ili walipwe. Wengi waliishi katika chickee, nyumba ya nguzo za mti isiyo na kuta, yenye paa la makuti ambalo wewe ungelitambua mara moja. Mwaka 1953 Kongresi ilitangaza nia ya kuvunja uhusiano wa kisheria na makabila kadhaa, na yale ya Florida yalitajwa katika orodha hiyo. Kama lingetekelezwa, leo pasingekuwa na kasino wala mgao wa kuzungumzia. Viongozi wao walikwenda Washington kupinga, wakakutana chini ya mwaloni mmoja huko Hollywood, Florida, na mwaka 1957 wakapitisha katiba iliyotambuliwa na serikali kuu. Naomba uukumbuke mwaka huo, kwa sababu hapo ndipo msingi ulipowekwa, miaka 22 kabla ya fedha kuonekana.

Fedha zilianza Desemba 1979, kabila lilipofungua ukumbi wa bingo wenye zawadi kubwa huko Hollywood. Mkuu wa polisi wa kaunti ya Broward, Robert Butterworth, alitaka kuufunga kwa sababu sheria ya jimbo iliwekea bingo masharti ya siku za kuchezesha na ukubwa wa zawadi. Kabila lilikwenda mahakamani na mwaka 1981 likashinda katika rufaa. Majaji walisema kwamba Florida haikuipiga bingo marufuku, bali iliiwekea taratibu, na jimbo halina uwezo wa kulazimisha taratibu zake ndani ya ardhi ya kabila. Hoja hiyo ndogo ya kisheria ndiyo iliyofungua mlango. Makabila mengine yakaifuata, Mahakama ya Juu ikaitilia nguvu katika kesi ya kabila la Cabazon la California mwaka 1987, na Kongresi ikatunga sheria ya michezo hiyo mwaka 1988. Karibu miaka ishirini baadaye Waseminole walikuwa na mtaji wa kutosha kununua biashara ya Hard Rock, hoteli na mikahawa iliyotapakaa duniani, kwa dola milioni 965. Mpango ulitangazwa mwishoni mwa 2006 na kukamilika 2007. Wana pia ng'ombe katika ardhi zao za Brighton na Big Cypress, mifugo iliyoanzia kwenye kundi waliloletewa na serikali kuu mwaka 1936.

Unajua kwamba sipendi kamari, na dini yetu imeikataza. Sitakuficha kwamba ninasikitika kuona fedha za mayatima wa vita vile zikitoka katika mifuko ya watu wanaopoteza mishahara yao usiku kucha. Hata hivyo sioni haki ya kuwalaumu Waseminole. Waliachiwa ardhi ambayo hakuna aliyeitaka, na walichokuwa nacho zaidi ya jirani zao ni mamlaka juu ya ardhi hiyo tu. Waliuza kile ambacho sheria iliwaachia kuuza. Kwa mapato hayo wamejenga zahanati na nyumba, wanawasomesha vijana wao vyuoni, na mwaka 2007 walifungua huko Brighton shule iitwayo Pemayetv Emahakv, ambamo watoto hufundishwa Kicreek kwa sababu wasemaji wake walikuwa wakipungua. Mimi, niliyetumia maisha yangu darasani, naiheshimu shule hiyo kuliko hoteli zao zote.

Sasa nataka umuulize mzee wenu kuhusu Oklahoma. Waseminole waliohamishwa kwa nguvu ni ndugu wa damu wa hawa wa Florida, wana makao makuu yao Wewoka, na idadi yao ni mara kadhaa ya wale wa Florida, ambao ni zaidi kidogo ya watu 4,000. Umoja wao haukuwa haba kuliko wa wengine. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 serikali kuu iliichukua ardhi yao ya pamoja ikaikata vipande vya karibu ekari 120 kwa kila mtu, na sheria ya mwaka 1908 ikaondoa ulinzi uliozuia vipande vya wengi wao kuuzwa. Wanunuzi, mawakili na wasimamizi wa mirathi wakaingia. Mwaka 1926 mafuta mengi ajabu yaligunduliwa katika nchi hiyohiyo, na kwa muda uwanja wa mafuta wa Seminole ulikuwa miongoni mwa yenye uzalishaji mkubwa kabisa duniani, lakini sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa tayari mikononi mwa wengine. Hadi leo umaskini katika kaunti ya Seminole uko juu ya wastani wa jimbo. Watu ni walewale, ukoo uleule. Tofauti ni kwamba wa Oklahoma walipokonywa umiliki wa pamoja, na wa Florida, kwa kujificha vinamasini, walikuja kuupata.

Ndani ya Wewoka kwenyewe kuna jeraha lingine linalotugusa sisi Waafrika. Wazao wa watu weusi walioishi na kupigana pamoja na Waseminole walipewa haki za uraia wa taifa hilo kwa mkataba wa 1866, na wanayo makundi mawili kati ya makundi 14 ya taifa. Mwaka 1976 serikali iliamua kulipa fidia ya dola milioni 16 kwa ajili ya ardhi ya Florida, na robo tatu zikaenda Oklahoma. Wazao wa watu weusi waliambiwa kwamba fidia hiyo haiwahusu, kwa kuwa mababu zao hawakuhesabiwa kuwa wamiliki mwaka 1823. Mwaka 2000 kura ilipigwa ya kuwaondoa katika uraia wale wasio na kiwango maalumu cha damu ya Kiseminole, na serikali kuu ikaikataa. Jambo hili limeniuma kwa muda mrefu, kwa sababu watu hao walivuka mito ileile wakiwa wamefungwa minyororo ileile. Anayesema kwamba Waseminole wana umoja hajafika Wewoka.

Nikija kwa Waarabu, naona picha ya mzee wenu imechorwa na kumbukumbu za Pwani yetu, ambako mtu akitaja Mwarabu msikilizaji hufikiri shamba la minazi, duka na jahazi. Marekani ni hadithi nyingine kabisa. Wimbi la kwanza, kuanzia miaka ya 1880, lilikuwa la Wakristo wengi kutoka Mlima Lebanoni na Syria, wachuuzi waliotembea na mabegi mgongoni kutoka shamba hadi shamba. Kisha viwanda vya magari viliwavuta Michigan, na karakana kubwa ya Ford huko Dearborn ikawa na vibarua Waislamu kwa Wakristo. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilifunga mlango, na ile ya 1965 ikaufungua tena. Wakaja Wapalestina, Wayemeni, Walebanoni waliokimbia vita, na Wairaki baada ya 1991. Kwa hiyo unapotaja Waarabu, unataja watu walioachana kwa miaka mia moja katika kufika kwao.

Sensa ya Marekani iliwahi kulinganisha kaya hizo kwa miaka ya 2006 hadi 2010. Ukizipanga kaya zote za Waarabu kuanzia yenye kipato cha chini hadi cha juu, ile ya katikati ilipata takriban dola 56,000 kwa mwaka, wakati ile ya katikati kwa nchi nzima ilipata karibu 52,000. Hapo mtu angesema wamefanikiwa. Lakini Walebanoni walikuwa wakipata takriban 67,000, na Wayemeni na Wairaki chini ya 36,000. Tajiri huyu hana wajibu wa kisheria kwa maskini yule, wala hana hazina ya kumgawia. Wanachoshirikiana ni misikiti, makanisa, na mashirika kama ACCESS, lililoanzishwa Dearborn mwaka 1971 kwa ajili ya kuwasaidia wahamiaji wapya.

Na umoja hawakuukosa pale ulipohitajika. Mwaka 1973 maelfu ya Waarabu walifanya kazi katika viwanda vya Detroit na mashamba ya zabibu ya California, na katika mgomo wa vibarua wa mashamba hayo mwaka huo kijana Myemeni aitwaye Nagi Daifullah alipoteza maisha baada ya kupigwa na askari wa kaunti. Tarehe 2 Februari 2017, Wayemeni wa New York walifunga maduka yao ya mitaani, yapata elfu moja, kupinga amri iliyowazuia ndugu zao kuingia nchini, wakasali pamoja mbele ya jumba la serikali la Brooklyn. Mtu anayefunga duka ambalo ndilo tegemeo lake lote hawezi kuambiwa kwamba hajui umoja.

Kilichowakwaza zaidi ni kutohesabiwa. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi ya Msyria aitwaye George Dow, kwamba Wasyria ni weupe na kwa hiyo wanaweza kupewa uraia. Wakati huo ulikuwa ushindi mkubwa, kwa kuwa asiyekuwa mweupe wala mweusi wa asili ya Kiafrika hakuruhusiwa uraia. Lakini uamuzi wa namna hiyo uliwafanya wasionekane: hospitali haikujua magonjwa yao, shule haikujua watoto wao, na mpango wa kuwasaidia wafanyabiashara wa jamii ndogo haukuwatambua. Walionekana tu pale waliposhukiwa, kama ilivyokuwa baada ya Septemba 2001, wanaume kutoka nchi nyingi za Kiarabu walipolazimishwa kwenda kujiandikisha na kuchukuliwa alama za vidole. Sensa ya 2020 iliwaruhusu kuandika asili yao, na watu milioni 3.5 waliandika asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, wakiwemo Wairani wasio Waarabu. Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba kundi hilo litakuwa na kisanduku chake.

Kwa hiyo, mwanangu, chama chenu hakiwezi kuchagua kuwa Waseminole. Ninyi hamna ardhi ya mkataba, hamna mahakama itakayowakinga na masharti ya jimbo, na hata kama mngekuwa na moyo mmoja, Florida isingewaruhusu kufungua hata ukumbi mdogo wa bingo yenye zawadi kubwa. Hali yenu kisheria ni ya Waarabu wa Dearborn, na ninaona mna mengi ya kujifunza kwao, hasa jinsi shirika lililoanza kwa kuwasomea wahamiaji barua na kuwajazia fomu lilivyokua likawa na zahanati na mafunzo ya kazi, na jinsi jamii hiyo ilivyoingia katika siasa za mji hadi Abdullah Hammoud akachaguliwa kuwa meya mwaka 2021. Ukipata likizo, nenda Dearborn ukawaulize wao wenyewe walianzaje na nani alilipia kodi ya chumba cha kwanza. Na mzee wenu mpe heshima yake anayostahili, umjibu kwa upole, lakini anza na Wewoka.

Ni mimi mama yako,
Tanga