Heller na hela zetu

Msomaji wetu kauliza hivi: "Mwalimu, kazini kwetu kuna Mjerumani jina lake la ukoo ni Heller, je ana undugu wowote na hela? Na hela ni Kiswahili sanifu au cha mtaani?"

Undugu upo. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani, na huku kwetu enzi zao rupia moja ilikuwa na pesa 64, hesabu ya kuumiza kichwa kwa kweli, sasa mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaibadilisha, rupia ikawa na heller 100 na watu wakaitamka wanavyoweza, ikawa hela. Vita vilipobana wakawa wanazigonga wenyewe pale Tabora mwaka 1916, za heller 5 na za 20, ukiziona chapa zake zimekaa shaghalabaghala unajua kabisa hawa jamaa walikuwa na haraka. Waingereza wakaja na shilingi zao, sarafu ikafa lakini neno likabaki, tena likapanda cheo maana zamani ilikuwa chenji tu, leo hata bilioni ni hela.

Kuhusu jina, ukifungua kamusi ya Kijerumani utakuta heller pia ni "-enye mwanga zaidi", usidanganyike, sarafu haikutoka huko. Imetoka mji wa Hall, siku hizi Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani, walikogonga visarafu vya fedha vyenye mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Baadaye vikachanganywa shaba mpaka thamani ikaisha, ndio maana Mjerumani akiwa kapigika husema hana hata heller nyekundu. Jina la ukoo sasa, wengine walipewa kwa kuwa kwao ni Hall, wengine ni utani tu uliotokana na hiyo sarafu. Huyo wa kwenu ni yupi mtamuuliza wenyewe, ila msimkope kwa sababu ya jina.

Na usanifu: hela imo kwenye kamusi, sio ya mtaani. Ngeli yake I-ZI, hela yangu imepotea, hela zangu zimepotea. "Mahela" ndio ya mtaani, mtu akitaka kuonyesha ni nyingi mno. Ila kwenye mkataba au barua ya ofisi andika fedha, hela pale inakaa kienyeji mno. Na ukivuka Namanga watakuelewa, ila wenyewe wanasema pesa.