Maswali na Majibu: Droni, Chumvi na Upepo wa Kusi

Fundi, droni yangu ilianguka baharini. Niliifukia ndani ya mchele siku tatu. Sasa taa zinawaka lakini mota moja haizunguki. Ninunue bodi mpya? (Msomaji, Shela)

Usinunue chochote kabla hujaifungua. Mchele hunyonya unyevu kidogo tu, na chumvi huiacha palepale ilipo, ikiila shaba ya bodi kila siku unayosubiri. Droni ikizama, chomoa betri papo hapo, usiiwashe hata kwa kujaribu, isuuze yote kwa maji matamu, kisha osha bodi kwa spiriti safi na mswaki laini, na uianike penye upepo hadi ikauke kabisa. Nyinyi wa Shela maji matamu mnayo matutani. Walio mjini Lamu wasitumie maji ya kisima chenye chumvi, watumie ya mvua au ya chupa.

Kwa sasa, tazama viungo vyote vya waya. Ukiona ukungu wa kijani, usugue kwa spiriti. Kisha zungusha mota hiyo kwa kidole: ikikwaruza, beringi zimeliwa. Ikizunguka vyema, ihamishie kwenye waya za mota nzima iliyo karibu nayo, na ile nzima uiweke mahali pa mbovu. Hitilafu ikihama pamoja na mota, badilisha mota. Ikibaki mahali pake, mbovu ni saketi inayoiendesha mota hiyo, na mara nyingi hata hiyo huponeshwa kwa kulehemu upya kiungo kimoja. Bodi nyingi nzima hutupwa kwa sababu mwenyewe alifungua mkoba wa pesa kabla ya kufungua skrubu nne.

Nimebadilisha rafadha (panga zinazozunguka), sasa droni inapinduka kabla ya kupaa. Bodi imekufa? (Msomaji, Malindi)

Bodi haijakufa, rafadha umezifunga mahali pasipo pake. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa na watu ambao hawajatazama alama zilizochapwa kwenye rafadha zenyewe. Mbili huzunguka kama saa na mbili kinyume chake, na zile zinazotazamana kwa mshazari huzunguka upande mmoja.

Kila nikirusha kuelekea Mambrui betri inanitosha kwenda, lakini kurudi hainitoshi. Betri imechoka? (Msomaji, Malindi)

Umeniandikia katikati ya kusi, na jibu limo humo. Kusi hukusukuma kwenda kaskazini na hukupinga unaporudi. Chukua droni yenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde katika upepo wa mita 7: kwenda itasafiri mita 17 kwa sekunde, kurudi mita 3 tu, kwa hiyo dakika 2 za kwenda zitakudai zaidi ya dakika 11 za kurudi. Hakuna betri inayostahimili hesabu hiyo. Anza safari kwa kuukabili upepo, ili betri ikipungua upepo uwe unakuleta nyumbani. Ukinaswa mbali, shuka chini kadiri usalama unavyoruhusu, kwani karibu na ardhi upepo hupungua. Mabaharia wetu walipanga safari zao kwa kaskazi na kusi, na kijana aliyezaliwa pwani hana udhuru wa kurusha bila kujua upepo unatoka wapi.

Betri imefura kidogo. Naweza kuendelea nayo? (Msomaji, Langoni)

Hapana. Usiitoboe, usiikandamize, usiichaji tena. Iweke nje, ndani ya debe la mchanga mkavu, mbali na paa la makuti. Betri hufura zaidi zikihifadhiwa zimejaa katika chumba cha joto. Usiporusha kwa siku kadhaa, ziache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, si 4.2.

Nataka kupiga picha za Maulidi kutoka juu. Droni yangu ni ndogo, nahitaji kibali? (Msomaji, Mkomani)

Ndiyo. Kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na hata kwa urushaji wa hatari ndogo zinaweka mpaka wa futi 400 kwenda juu na mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika. Katika mji wa Lamu, ambao nyumba zake zimebanana hivi, mita 50 hizo hazipatikani, na ng'ambo ya mkondo, Manda, ndege za abiria hutua na kupaa. Juu ya umati wa Maulidi rafadha moja ikivunjika, chombo kitaangukia kichwa cha mtu.

Na hata ukipata kibali, kuna jambo ambalo karatasi haikuruhusu. Nyumba zetu zilijengwa kwa kuta nene na madaka ya mlangoni ili stara ya mwenye nyumba ihifadhiwe, na juu ya dari wanawake wanaanika nguo na kupumzika bila kutarajia jicho la mtu. Kamera inayopita hapo imeingia nyumbani bila hodi. Nawaomba vijana wangu, na nawaonya pia wageni wanaokuja na droni mizigoni: msirushe juu ya dari za watu.

Mota mpya ina waya tatu za rangi moja. Ipi inaunganishwa wapi? (Msomaji, Watamu)

Popote. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya zozote mbili. Fanya jaribio hilo rafadha zikiwa zimevuliwa zote.